Kuku wetu, kifua chetu: hewa safi kazini ni haki

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa muji wa Butembo, katika mazungumzo yetu juu ya kazi na afya



Tumezoea kukusanyika juu ya mambo yenye yanapiga kelele: masasi, barabara, umeme, maji, kodi zenye hazina risiti. Leo tuzungumuze juu ya jambo lenye halipigi kelele. Linakohoa tu. Linakohoa usiku mu chumba cha kupanga, na jirani anasema: "Yule amepigwa baridi." Asubui kijana anarudi kazini, na jirani anasahau.

Ninasema juu ya kifua cha kijana mwenye anafanya kazi ya kufuga.

Munajua namna mambo iko. Vita ya Beni na Lubero imefukuza watu mingi mu mashamba, wamekuja mu muji bila jembe na bila ng'ombe. Vijana wenye diplome wanazunguka na bahasha mukononi. Kila mukubwa akisimama mbele yetu, anatupa shauri moja: "Vijana, fugeni! Fugeni kuku, fugeni nguruwe, fugeni kobayi." Hatukatae. Mayai yenye tunakula hapa yanapita Kasindi kutoka Uganda, na kila treyi yenye inazalishwa hapa kwetu ni feza yenye inabakia hapa. Kufuga ni kazi ya heshima. Lakini wenye wanatuambia tufuge wanatufundisha bei ya vifaranga, chakula na chanjo ya kuku. Hakuna mwenye anatuambia hewa ya ile nyumba inafanya nini mu mapafu ya mutu mwenye anaingia mule asubui na mangaribi, siku saba kwa wiki.

Njo maana niko hapa. Nitasema mambo matatu: kuko nini mu ile hewa, inatufanyia nini, na tufanye nini.

*Kuko nini mu hewa*

Ingia mu nyumba ya kuku yenye imefungwa usiku muzima. Butembo iko juu ku milima, kuko baridi. Mutu anaziba madirisha na mifuko kusudi kuku wasikufe. Asubui ukifungua mulango, kitu cha kwanza kinakupiga ku pua. Ile ni amonia. Mavi ya kuku yakilowana mu tandiko, vijidudu vinayageuza, na amonia inapanda. Tandiko likiwa la maji na nyumba ikiwa imefungwa, inaongezeka.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo watu wanadanganyika. Kisha dakika kidogo hausikie tena ile harufu. Unafikiri imeisha. Haiishe! Ni pua yako ndiyo imechoka. Mwenye anasema "mimi nimezoea" hajapona. Pua yake imezoea, mapafu hayazoee. Ile pumuzi yako ya kwanza ku mulango njo kipimo chako. Na kuku, na vifaranga zaidi, wanapumua karibu na tandiko kwenye amonia inatoka. Ukichutama ku kimo chao utasikia tofauti.

Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanasema mutu asipumue zaidi ya sehemu 25 za amonia kwa milioni ya hewa katika siku yake ya kazi. Mutafiti Kelley Donham wa Iowa, mwenye alianza kuchunguza wafanyakazi wa mabanda ya nguruwe katika miaka ya 1970, alifika mbali zaidi: mwaka 2000 yeye na wenzake walipendekeza kwa wenye kufuga kuku isipite sehemu 12, juu amonia haikuje peke yake. Inakuja pamoja na mavumbi, na vile viwili vikikutana mu kifua vinaumiza zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Hatuna mashini ya kupima hapa. Lakini tuko na macho. Macho yakianza kuchoma na kutoa machozi, usingoje mashini.

Kitu cha pili ni mavumbi yenyewe. Haiko mavumbi ya barabara. Iko na vipande vya manyoya, mavi yenye yamekauka, unga wa chakula, ukungu, na maganda ya vijidudu vyenye vimekufa. Hata kama kijidudu kimekufa, sumu ya ngozi yake inabakia, na ikifika ndani ya mapafu, mwili unawaka kama vile unapigana na adui. Siku yenye inatoa mavumbi mingi kuliko zote ni siku ya kuondoa tandiko la zamani, na siku ya kumwanga na kuchanganya chakula. Nani anapewa ile kazi? Mudogo kuliko wote, ao mwenye amekimbia vita jana na hawezi kukataa.

Kitu cha tatu ni babula. Vifaranga vya siku moja vinaomba joto ya digri 32 mpaka 35 katika wiki ya kwanza. Umeme unakatika, basi tunawasha makala. Na kusudi moto usizimike, kijana analala mule mule, mulango umefungwa. Wandugu, makala yenye inawaka mu fasi imefungwa inatoa hewa yenye haina harufu, haina rangi, na inaua. Wenzetu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mubaya yenye inatoka mu udongo wa volkano na kulala mu mabonde. Mutoto anashuka mule kuchukua mupira, harudi. Hewa ya makala ni nyingine, lakini tabia ni ileile: haikuonye. Usiku mu nyumba ya vifaranga, babula inaweza kuwa mazuku yetu sisi wenyewe.

Ya nne ni shimo la mavi ya nguruwe ao ya ng'ombe. Mavi yenye imekaa mu shimo limefunikwa, mutu akiikoroga, inaachilia hewa yenye iko na harufu ya yai lililooza. Kiasi kidogo, unaisikia. Kiasi kikubwa, inaua pua kwanza, hausikie kitu, kisha inakuangusha. Mu inchi mingi imeonekana vile: mumoja anashuka, anaanguka, ndugu yake anashuka kumusaidia, anaanguka, wa tatu naye. Mutu akianguka mu shimo, usishuke bila kifaa cha kupumua. Ita watu, fungua fasi yote hewa ipite, tafuta kamba. Inauma kusema hivi, lakini maiti moja ni afazali kuliko tatu.

Na kobayi? Mu nyumba mingi wanalala mu jikoni, pale pale kwenye mama anapika na kuni. Mikojo na manyoya yao inaweza kuamsha pumu kwa mwenye mwili wake hauipatane, na moshi unaongeza. Lakini mwenye anachunga ng'ombe inje ku milima ya Lubero, upepo unamusaidia. Hatari kubwa inakuja kwenye tunafunga: fasi ndogo, nyama mingi, hewa haipite.

*Inatufanyia nini*

Kuko magonjwa ya aina tatu yenye tunapaswa kujua kwa sura, juu yanajificha nyuma ya majina mengine.

La kwanza ni homa ya mangaribi. Umeondoa tandiko asubui. Kisha masaa manne mpaka munane, mwili unatetemeka, kichwa kinauma, viungo vinauma, unakohoa. Unasema: malaria. Unanunua dawa ku duka. Kesho ao kesho kutwa unapona, unasema dawa imefanya kazi. Mara mingine haikukuwa malaria hata kidogo, ni mavumbi. Kama jaribio la malaria linaonyesha hakuna, na homa inarudi kila ukifagia nyumba ya kuku, uliza mavumbi.

La pili ni kifua chenye kinabana. Unapumua na filimbi, unakohoa usiku, unashindwa kupanda mulima wenye ulikuwa unapanda bila shida. Kwa wengine ni pumu yenye ilikuwa imelala. Kwa wengine ni pumu yenye kazi yenyewe imeleta. Alama yake ni hii: ukikaa siku chache mbali na kazi unapata nafuu, ukirudi inarudi.

La tatu ni la pole pole. Kikohozi chenye makohozi, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mpaka mapafu yanapoteza nguvu yenye hairudi. Mu hili kundi kuko pia ugonjwa wenye Wazungu waliita pafu la mukulima; munganga Campbell aliueleza Uingereza mwaka 1932, kwa watu wenye walikuwa wanagusa nyasi kavu yenye ukungu. Wenye kufuga ndege wanaweza kupata ndugu ya ule ugonjwa. Mwanzo unafanana na mafua. Mutu akiendelea kukaa mu ile hewa, mapafu yanaweza kuota kovu.

Sasa, sisi tuko mu inchi yenye kifua kikuu ni kingi. Congo iko mu liste ya OMS ya inchi 30 zenye mugonjwa huu unalemea zaidi. Kwa hiyo sitaki mutu atoke hapa akisema: "Kikohozi yangu ni ya kuku tu." Hapana! Ukikohoa wiki mbili ao zaidi, enda upimwe makohozi. Kupima na dawa za kifua kikuu, programu ya taifa inazitoa bure. Lakini kama makohozi yanaonyesha hakuna kifua kikuu, usirudi nyumbani na dawa ya kikohozi tu. Usiache pia mutu akuambie kama umerogwa na mwenye kiwanja cha jirani juu kuku zako zinataga sana. Kuko swali moja yenye haijaulizwa.

Mwaka 1700, mu Italia, munganga Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alizunguka kwa wachimbaji, wafinyanzi, wenye kupepeta ngano mu mavumbi. Aliwaambia waganga wenzake: ku maswali yote yenye munauliza mugonjwa, ongezeni moja, "Unafanya kazi gani?" Imepita miaka zaidi ya 300. Enda leo ku kituo chetu cha afya na kikohozi. Watakuuliza jina, miaka, kartiye, na kama uko na feza ya fishi. Kazi? Wakiandika, wanaandika "bila kazi". Kijana mwenye anabeba mifuko 20 ya mavi ya kuku kwa siku anaandikwa bila kazi! Ugonjwa wake pia unakuwa bila sababu. Na ugonjwa wenye hauna sababu hauna mwenye kuulizwa.

Pale njo siasa inaingia, wandugu.

*"Kuko vita, na nyinyi munaongea mavumbi ya kuku?"*

Hili swali nimelisikia, na ni swali la haki. Watu wanakufa na mapanga ku Beni, na sisi tunahesabu amonia?

Jibu langu ni hili. Uzima wa Mucongomani hauna darasa la kwanza na darasa la pili. Mwenye ametoroka panga ku kijiji chake, akafika hapa, akapewa kazi ya kulala na vifaranga kando ya babula kwa sababu hana fasi ingine ya kulala, yule bado hajaokoka. Tumemubadilishia tu kifo. Na kama sisi tunasema serikali haimulinde raia, inaomba sisi wenyewe tujue kumulinda mwenye analala mu parseli yetu.

Juu tuseme ukweli: patroni wa hii kazi haiko kila mara mutu munene mwenye jipe. Mara mingi ni sisi. Ni kaka mwenye amepata kuku 200 na ameita mudogo wake kutoka kijijini, anamupa chakula na fasi ya kulala, hakuna mukataba, hakuna kashene. Ni kikundi cha vijana chenye kimepata vifaranga vya shirika fulani, na kazi ya uchafu wanaachia wadada. Hatuwezi kuandika matangazo juu ya haki za binadamu, kisha nyuma ya nyumba mutoto wa mutu anakohoa kwa faida yetu.

Sheria iko. Katiba ya tarehe 18/02/2006, katika kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu kwa kila Mucongomani. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 53 kinasema kila mutu ana haki ya kuishi fasi yenye iko safi kwa afya yake. Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16/10/2002, inamupa mwenye kuajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Na Shirika la Kazi la Kimataifa, lenye Congo ni memba, mwezi wa 6 mwaka 2022 liliweka kazi yenye usalama na afya kati ya haki za musingi, zenye kila inchi memba inapaswa kuheshimu. Karatasi hatukosi. Tunakosa mutu wa kuzifikisha mu nyumba ya kuku.

*Tufanye nini*

Naanza na sisi, juu hapa hatuhitaji kungoja mutu.

Moja: hewa ipite. Ukuta wa chini ufunge juu ya baridi, wa juu uache wavu. Pazia la mifuko lishuke usiku na lipande asubui. Fungua kwanza, ngoja kidogo, kisha ingia.

Mbili: tandiko likauke. Fasi ya kunywea maji isivuje. Penye pamelowana, ondoa siku ileile na weka maranda makavu ya seremala. Ukiondoa maji, umeondoa amonia kwa chanzo chake.

Tatu: usifagie mavumbi makavu. Nyunyizia maji kidogo, siyo kulowanisha, kisha ondoa. Kazi ya kuondoa tandiko igawanywe: watu wawili ao watatu kwa zamu, kila mutu akitoka inje kupumua, wala siyo mudogo mumoja siku muzima.

Ine: kashene. Kitambaa cha Covid hakizuie haya mavumbi ya kupenya. Inaomba ile yenye imeandikwa FFP2 ao N95, yenye inashikana na uso bila nafasi. Lakini mujue: ile inazuia mavumbi, haizuie amonia wala hewa ya makala. Kashene haitoshi kama nyumba imefungwa. Madirisha kwanza, kashene nyuma.

Tano: hakuna mutu analala na babula. Hakuna! Washa makala inje mpaka moshi uishe, ingiza na dirisha la juu likiwa wazi, na mwenye kulinda alale fasi ingine, awe anaamuka kuangalia. Moshi ukiisha, ile hewa yenye inaua bado iko. Nani atakubali kuokoa vifaranga mia kwa bei ya mutu mumoja?

Sita: chakula na nyasi zenye ukungu zitupwe. Zinaumiza nyama, zinaumiza mwenye kuzimwanga. Na ukitoka kazini, vua zile nguo na oga, mbele ya kubeba mutoto.

Angalieni: kati ya hizi sita, ni moja tu yenye inaomba ununue kitu dukani. Kwa hiyo ule wimbo wa "hatuna feza" hautoshi.

Na kwa wengine, tunaomba wazi:

Kwa mashirika na miradi yenye inagawa vifaranga: musitoe kifaranga bila kutoa mafunzo juu ya hewa na bila kuweka kashene mu bajeti. Munahesabu kuku wenye wamekufa mu ripoti zenu. Hesabuni pia vijana wenye wanakohoa.

Kwa waganga wetu, wenye tunawaheshimu: andikeni kazi ya kila mugonjwa wa kifua. Neno moja tu. Kisha miezi sita tutajua mambo yenye leo hakuna mutu anajua mu huu muji.

Kwa wenye kusimamia sheria ya kazi: nyumba ya kuku yenye wafanyakazi ni fasi ya kazi. Muitembelee kwa kushauri na kulinda, isikuwe njia ingine ya kuomba feza ya supu. Na kwa CNSS, yenye inapaswa kulipia ajali na magonjwa ya kazi: fungueni njia kwa hawa vijana wenye leo hawako mu daftari yoyote.

Wandugu, wadada, sitaki tumalizie na makofi. Kila mumoja wenu anajua parseli moja kwenye wanafuga. Mbele ya siku ya mungu, enda pale. Hausikamate bango, hauendi kugombanisha mutu. Ingia asubui wakati wanafungua mulango, sikia ile pumuzi ya kwanza. Angalia babula iko wapi na kitanda iko wapi. Kisha uliza mwenye anafanya kazi mule maswali mawili: unakohoa tangu lini, na ukipumuzika unapata nafuu? Andika majibu bila jina la mutu. Tutakutana hapa tena na makaratasi yetu, na tutaenda nayo ku meri na ku zone de santé tukiwa na kitu mukononi.

Tunataka mayai ya hapa kwetu, tunataka nyama ya hapa kwetu, tunataka kazi hapa kwetu. Hatukubali ilipwe na mapafu ya wadogo zetu.

Hewa safi kazini ni haki. Haiko zawadi.